Shajara ya mradi: kubambua molibdeni disulfidi ndani ya maji

Wiki ya 1

Nimefungua daftari jipya leo. Lengo ni kuchukua unga wa molibdeni disulfidi, ambao kila chembe yake ni fuwele ya matabaka yaliyolaliana, na kuyatenganisha matabaka hayo ndani ya kimiminika mpaka nibaki na chupa yenye magamba ya tabaka moja hadi manne au matano. Gamba moja zuri la kupiga picha halinitoshi. Nataka mililita za kutosha kutengenezea tando, na nataka chupa ya mwezi ujao ifanane na ya mwezi huu.

Kila tabaka la fuwele hii ni safu ya atomu za molibdeni iliyobanwa na safu mbili za sulfuri, unene wake wote karibu nanomita 0.6. Ndani ya tabaka atomu zimeshikana kwelikweli. Kati ya tabaka na jirani yake zipo nguvu hafifu za van der Waals tu, na ndiyo sababu unga huu umetumika miaka mingi kulainishia vyuma vinavyosuguana: matabaka yake huteleza. Kinachonivuta mimi ni kingine. Fuwele nene ina pengo la nishati (nishati ambayo elektroni inahitaji ili kuruka na kupitisha umeme) la elektronivolti 1.2 hadi 1.3, tena lisilo la moja kwa moja, yaani elektroni ikirudi chini haitoi mwanga kirahisi, kwa hiyo haing'ai. Libakize tabaka moja, pengo linapanda hadi 1.8 au 1.9, linakuwa la moja kwa moja, na gamba linatoa mwanga. Dunia ilionyeshwa jambo hilo mwaka 2010, na kila nikilifikiria naona ajabu ileile: hujabadilisha hata atomu moja, umeondoa majirani tu.

Wanafizikia Novoselov na Geim, kule Manchester, walipata grafini, yaani tabaka moja la grafiti, mwaka 2004 kwa kubandua grafiti kwa utepe wa gundi. Njia hiyo hutoa magamba safi kuliko yote, ila ni machache mno. Mwaka 2008 kundi la Jonathan Coleman la Trinity College Dublin lilionyesha kwamba grafiti yaweza kubambuliwa ndani ya kimiminika kwa altrasaundi tu (mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio), bila kuichoma kwa asidi, na mwaka 2011 likafanya vivyo hivyo kwa molibdeni disulfidi, tungsteni disulfidi, boroni nitridi na ndugu zao. Njia hiyo ndiyo ninayoifuata.

Kiyeyushi kimenichukua siku mbili za kusoma. Kanuni ya msingi ni kwamba kazi ya kutenganisha matabaka hupungua pale nishati ya uso wa kimiminika inapokaribiana na ya fuwele. Kwa grafiti vimiminika vyenye mvutano wa uso wa karibu milinyutoni 40 kwa mita ndivyo vilivyofanya vizuri, na N-methyl-pyrrolidone ndiyo iliyopata sifa kuliko zote. Nimeikataa. Inadhuru uzazi, inachemka kwa nyuzi 202, na ikishaingia kwenye utando kuitoa ni vita. Maji yana mvutano wa 72, yaani yako mbali mno yakiwa peke yake, lakini yakitiwa sabuni ya sodiamu kolati mambo hubadilika. Molekuli za kolati hujibandika kwenye uso wa gamba, zinalipatia chaji hasi, na magamba yenye chaji moja hufukuzana. Maji na kolati, basi. Nikimwaga kwenye meza nitafuta kwa kitambaa na kuendelea.

Wiki ya 2

Jaribio la kwanza nimelifanya kwenye beseni la altrasaundi, lile la kusafishia vyombo. Unga gramu 1.6, maji mililita 80, kolati gramu 6 kwa lita, saa sita.

Kimetoka kimiminika cheusi kabisa. Nilifurahi, nakiri. Nilimwita mwenzangu aje aone, tukamulika kwa leza nyekundu na mstari wa mwanga ukaonekana ndani ya chupa kutoka ukingo hadi ukingo, ishara kwamba kuna chembe zinazoelea. Nikaandika pembeni ya ukurasa, kwa herufi kubwa: IMEKUBALI.

Asubuhi ya pili nusu ya chini ya chupa ilikuwa matope, na nusu ya juu rangi ya moshi. Unga ulikuwa umevunjikavunjika na kupanda juu kwa muda. Haukuwa umebambuka.

Nimejifunza jambo moja kuhusu beseni: nguvu yake haiko sawa kila mahali. Chupa ileile, ikisogezwa sentimita tatu au kina cha maji ya beseni kikipungua kidogo, hutoa matokeo mengine. Anayetaka kurudia kazi yake kwa beseni apige alama mahali pa chupa na kimo cha maji. Mimi nahamia kwenye fimbo.

Wiki ya 3

Fimbo ya altrasaundi huzamishwa moja kwa moja ndani ya kimiminika. Ncha yake ya titani hutetema mara elfu 20 kwa sekunde, na kila inaporudi nyuma shinikizo hushuka mpaka viputo vidogo vinazaliwa. Shinikizo likirudi viputo hupasuka kwa ndani, na kila kimoja hutupa kijito cha maji cha kasi kubwa mno. Vijito hivyo na mawimbi yake ndivyo vinavyochana fuwele, vikaingia kwenye kingo na kunyanyua tabaka. Kazi hiyo yote huzaa joto.

Kwa hiyo: chupa ndani ya barafu, fimbo ikipiga sekunde sita na kupumzika mbili. Barafu hubadilishwa kila nusu saa.

Nimeanza pia kufanya hatua ambayo mwanzoni niliiona ni upotevu. Pigo la kwanza la saa moja, kisha sentrifuji (mashine inayozungusha chupa kwa kasi ili chembe nzito zishuke chini), kisha kimiminika cha juu chote kinamwagwa kwenye chombo cha taka. Mashapo ndiyo yanayobaki kuendelea na kazi, kwenye maji mapya yenye kolati gramu 2 kwa lita, kwa saa sita. Sababu ni kwamba unga wa dukani huja na vumbi lake, chembe zilizokwisha oksidika na takataka zinazoyeyuka, na vyote hivyo hukimbilia juu kwanza. Chupa niliyoiruka hatua hii ilikuwa na maji yenye asidi kuliko nilivyotarajia. Niliyoifanyia haikuwa hivyo.

Siku ya Alhamisi barafu iliyeyuka nikiwa kwenye kikao kilichorefuka. Niliporudi chupa ilikuwa ya moto, huwezi kuishika, na karatasi ya kupimia ikaonyesha asidi kali kuliko chupa zote. Joto na viputo ndani ya maji yenye oksijeni huila kingo za magamba: sulfuri inakuwa salfati, molibdeni inakuwa oksidi inayoyeyuka. Chupa nimeitupa. Tangu siku hiyo kipimajoto kinakaa ndani ya barafu saa zote, na sitoki chumbani fimbo ikiwa inafanya kazi.

Wiki ya 4

Nimejaribu blenda, kwa udadisi. Mwaka 2014 kundi lilelile la Dublin lilionyesha kwamba huhitaji altrasaundi. Kinachotakiwa ni maji yakatwe kwa kasi, tabaka moja la maji likimbie kuliko jirani yake kiasi cha kufikia elfu 10 kwa sekunde, na grafiti itaanza kubambuka. Hata blenda ya jikoni inafika hapo. Ni kweli, imefanya kazi. Magamba yalikuwa makubwa kuliko ya fimbo na povu lilikuwa jingi kuliko kimiminika. Kwa mtu anayetaka lita mia, njia ndiyo hiyo. Kwa chupa zangu ndogo narudi kwenye fimbo.

Wiki ya 5

Wiki nzima nimekuwa na sentrifuji, na ndiyo wiki yenye faida kuliko zote zilizotangulia.

Nilikuwa nafuata maelekezo yaliyosema zungusha kwa mizunguko 1,500 kwa dakika. Nikafanya hivyo, na kile nilichopata hakikufanana na kilichoelezwa hata kidogo. Siku mbili nililaumu sabuni. Mwisho nikapima rota, sehemu ya sentrifuji inayobeba chupa, kwa rula: chembe haisukumwi na idadi ya mizunguko, inasukumwa na nguvu, na nguvu inategemea nusu kipenyo cha rota. Kuzidisha ni rahisi: 0.00001118, mara nusu kipenyo kwa sentimita, mara mizunguko kwa dakika iliyozidishwa kwa yenyewe. Rota yangu ina sentimita 8, kwa hiyo mizunguko 1,500 hunipa kama mara 200 ya mvutano wa dunia. Mwenye rota ya sentimita 16 anapata mara 400 kwa namba ileile iliyoandikwa kwenye kitufe. Sisi wawili tungeandikiana kwamba tumefanya kitu kimoja, na tungekuwa tumefanya vitu viwili.

Naomba kila anayeandika hatua za kazi hii aandike nguvu, nusu kipenyo na muda. Mizunguko peke yake haimsaidii mtu.

Sasa nafanya kwa ngazi. Kwanza mara 100 kwa saa mbili: mashapo ni fuwele ambazo hazijabambuka, zinawekwa kando. Kimiminika cha juu kinapanda hadi 400, mashapo yake yanachukuliwa na kutikiswa kwenye maji mapya yenye sabuni ileile. Hiyo ni chupa A. Cha juu kinapanda hadi 1,000, mashapo ni chupa B. Hadi 5,000, chupa C. Hadi 10,000, chupa D. Kinachobaki juu baada ya hapo ni vipande vidogo mno na vilivyoyeyuka, navyo nimevitenga. Magamba makubwa na manene hushuka mapema, madogo na membamba hushuka mwishoni. Kila chupa imefungwa kati ya kikomo cha chini na kikomo cha juu.

Chupa A ni nyeusi. D ina rangi ya kijani kibichi iliyopauka, unaweza kusoma maandishi nyuma yake.

Mwenzangu ameziangalia zote nne mezani akauliza, "Hii D si umeiharibu?" Swali lake nimelibeba nyumbani.

Wiki ya 6

Jibu limetoka kwenye spektra, yaani mchoro wa mwanga unaonyonywa kwa kila urefu wa wimbi.

Molibdeni disulfidi ina vilele viwili vinavyojulikana kwenye mwanga mwekundu, kimoja karibu na nanomita 610 na kingine karibu na 670. Kile cha 670 ndicho cha kuangalia. Matabaka yakipungua, kilele hiki husogea kuelekea mawimbi mafupi. Kwenye chupa A kimekaa 674. Kwenye D kimekaa 663. B na C ziko katikati, kwa mpangilio, bila hata moja kuruka foleni. Nimekaa mbele ya skrini muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kisha nikaangalia mkia wa mstari, kuanzia nanomita 750 kwenda juu. Hapo molibdeni disulfidi karibu hainyonyi mwanga kabisa, kwa hiyo mstari unapaswa kulala chini. Kwenye D umelala. Kwenye A umebaki juu sana. Mwanga unaopotea hapo hausharabiwi, unatawanywa na magamba makubwa. Yaani sehemu kubwa ya weusi ule niliokuwa naufurahia tangu wiki ya pili, ule nilioandikia IMEKUBALI, ulikuwa mwanga unaogonga vipande vinene na kupotea njia.

Mashine yenyewe haijui tofauti. Inapima mwanga uliofika upande wa pili, na uliokosekana inauita umenyonywa. Kusoma ukolezi (kiasi cha magamba ndani ya kimiminika) kwenye namba hiyo bila kuutoa mtawanyo ni kujidanganya, na mimi nimejidanganya wiki nne.

Nimerudi nyuma kwenye daftari na kuzungushia kalamu nyekundu kila mahali nilipoandika "nyeusi zaidi" kwa maana ya "bora zaidi". Mahali ni saba.

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Kilichokuwa kinaelea kwenye chupa A kilikuwa kimeundwa nusu tu.

Wiki ya 7

Nimepima uzito. Ni kazi ya kuchosha ambayo haina njia ya mkato. Mililita 20 za chupa D zimepita kwenye chujio lenye vitundu vidogo, chujio limekaushwa na kupimwa. Miligramu 11.6. Nilishuku, kwa sababu sabuni nayo ina uzito. Nikaosha chujio lilelile kwa maji safi mililita 200, nikakausha usiku kucha, nikapima tena: 4.1. Karibu theluthi mbili ya kile ambacho ningekiita bidhaa ilikuwa sabuni iliyokauka.

Miligramu 4.1 katika mililita 20 ni kama gramu 0.2 kwa lita. Chupa nzima ya D ni mililita 60, kwa hiyo nina miligramu 12 kutoka kwenye unga wa gramu 1.6. Haifiki asilimia moja. Namba hiyo haijanivunja moyo, maana makala ya 2008 nayo ilizungumzia karibu asilimia moja ya grafini ya tabaka moja. Iliyobaki haijapotea, iko kwenye ndoo ya mashapo.

Swali la kawaida: kwa nini usipige saa nyingi zaidi? Nimejaribu saa 24 badala ya sita. Ukolezi umepanda kama mara mbili, na ndivyo inavyotarajiwa, kwa kuwa hukua kwa kipeuo cha pili cha muda. Lakini urefu wa magamba nao umeshuka kuelekea nusu. Viputo havichagui. Vinabambua na kukata kwa wakati mmoja, na gamba lililokatwa sana lina kingo nyingi kuliko uso. Tena ncha ya titani nayo huliwa, na chembe zake zinaingia kwenye chupa. Nimerudi kwenye saa sita.

Wiki ya 9

(Wiki ya 8 ilikuwa ya kusubiri zamu ya hadubini.)

Hadubini ya nguvu za atomu hupapasa uso kwa sindano nyembamba na kutoa kimo cha kila gamba. Nilidhani hapa ndipo penye ukweli wote. Upo, ila una masharti yake.

Matone ya kwanza niliyoyakausha kwenye kipande cha silikoni yalijikusanya pembezoni, pete nene ya magamba yaliyorundikana na katikati patupu. Nilichopima pale kilikuwa marundo. Ikabidi nizimue chupa mara kumi, nipashe moto silikoni ili tone lichemke papo hapo, kisha nioshe sabuni kwa maji. Ndipo magamba yakatulia moja moja.

Halafu vimo. Tabaka la nanomita 0.6 halisomeki 0.6. Chini yake kuna maji yaliyonaswa, juu yake kuna kolati, na sindano husoma vyote. Njia nzuri ni kutafuta magamba yaliyobambuka nusu, yenye ngazi, na kupima kimo cha kila ngazi. Kwangu ngazi zinarudia karibu nanomita 1.9, sawa na ilivyoripotiwa na wengine waliotumia sabuni hii. Gamba la nanomita 5.7, basi, nalihesabu kuwa la matabaka matatu. Mtu asiyejua hili angelihesabu tisa.

Nimehesabu magamba 240 ya chupa D. Siku ya kwanza niligundua jicho langu linakwenda kwenye makubwa na mazuri. Kwa hiyo nimegawa picha kwa miraba na kuhesabu kila kilichomo ndani ya mraba, kizuri na kibaya, kabla ya kwenda unaofuata. Wastani wa unene ulishuka nilipofanya hivyo. Mengi ni ya matabaka mawili hadi manne. Ya tabaka moja yapo, si mengi, na sasa ninajua yako wapi: kwenye chupa iliyodhaniwa imeharibika.

Nimemwonyesha mwenzangu. Amechukua chupa D akaishika kwenye mwanga wa dirisha, hakusema kitu, akairudisha kwenye friji taratibu.

Wiki ya 10

Lebo mpya kwenye chupa zote. Zamani niliandika tarehe na saa za altrasaundi. Sasa kila moja ina kikomo cha chini na cha juu cha nguvu, mahali pa kilele chekundu, ukolezi uliopimwa baada ya kuosha, na tarehe. Zinakaa gizani, kwenye baridi, kwa sababu magamba membamba huendelea kuoksidika kidogokidogo ndani ya maji. Kila Jumatatu nitapima kilele upya nione kama kimehama.

Ndoo ya mashapo nimeikausha na kuipima. Inakaribia gramu 30 kutoka mafungu yote, ukiondoa yaliyotupwa. Nimechukua gramu 1.6, nikatia kolati mpya, nikapiga saa sita kwenye barafu kama kawaida, ngazi zilezile za sentrifuji. Chupa D ya mashapo imetoka rangi ileile ya kijani iliyopauka, kilele kwenye 664.

Kesho naanza kumimina utando wa kwanza.